Shaba Nyeupe na Mwenzake Asiyetajwa

Mnunuzi wa skrepa hahitaji maabara. Koki ya maji iliyong'olewa ukutani ikifika mezani kwake, kwanza huigusisha sumaku. Sumaku ikinasa, basi ni chuma kilichopakwa rangi, na bei yake ni ya chuma. Isiponasa, huchukua tupa akaikwaruza pembeni mara mbili tatu, kisha akauinamia ule mkwaruzo kama mtu anayesoma maandishi madogo. Wekundu wa tofali jipya ni kopa. Kijivu cheupe ni zinki iliyovishwa kromu, na hiyo huenda kwenye rundo la bei ya chini. Lakini njano ikitokea, njano ile ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, huitikia kwa kichwa na kuitupa koki kwenye gunia la brasi.

Kopa na brasi ni maneno ya mizani. Kiswahili cha kamusi kina majina yake ya tangu zamani: shaba nyekundu na shaba nyeupe. Anayejifunza lugha hushangaa, maana hiyo inayoitwa nyeupe ni ya njano. Aliyezaliwa nayo hashangai. Mtu wa maji ya kunde huitwa mweupe akisimama karibu na nduguye aliyekolea zaidi, na hakuna anayeuliza kulikoni. Majina haya mawili yalitolewa kwa kulinganisha ndugu na ndugu.

Ila katika kulinganisha huko kuna mmoja aliyesahauliwa. Shaba nyeupe ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki hiyo haimo katika jina, haionekani kwa macho, wala haimjii akilini mtu anayefungua kufuli lake asubuhi. Zinki imezoea kunyimwa jina. Mabati yanayofunika nyumba kuanzia Lamu hadi Bukavu hayana bati ndani yake. Bati ni madini mengine kabisa, kama yale yanayochimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Mabati ni karatasi za chuma zilizovishwa zinki, na zinki ndiyo inayoliwa na mvua kwanza ili chuma kilicho chini yake kisiliwe. Kazi inafanywa na mmoja, sifa anapewa mwingine.

Katika shaba nyeupe ya kawaida, ile ya riveti, bawaba, skrubu na vitasa, kila gramu 100 zina gramu 63 hivi za shaba nyekundu na 37 za zinki. Fundi akiishusha zinki hadi 30 hupata aloi inayovutika vizuri bila kupasuka, inayofaa kwa maganda ya risasi na matarumbeta. Akiipandisha hadi 40 hupata nyingine, ngumu, inayokubali kufuliwa ikiwa ya moto na kukataa kukunjwa ikiwa baridi. Hiyo ya mwisho iliwekewa hataza mwaka 1832 na George Frederick Muntz wa Birmingham, Uingereza. Karatasi zake zilipigiliwa chini ya matumbo ya meli za mbao ili minyoo ya baharini isiyatoboe; Cutty Sark, meli ya matanga iliyoshushwa majini mwaka 1869 kwa safari za chai ya China, ilivishwa shaba hiyo.

Inafaa kutulia kidogo kwenye hiyo 63 kwa 37, kwa sababu haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndani ya shaba nyekundu atomu zimejipanga safu juu ya safu, na safu hizo huteleza kwa urahisi; ndiyo maana waya wa shaba tupu hukunjwa kwa vidole. Atomu ya zinki ni kubwa kidogo kuliko ya shaba. Ikiingia katika safu hukaa kama tofali nene lililojengwa kati ya tofali za kawaida: ukuta haubomoki, lakini safu haitelezi tena kama mwanzo. Chuma hicho kipya ni kigumu na chenye nguvu kuliko wazazi wake wote wawili. Hata hivyo shaba ina kiasi chake cha ukarimu. Zinki ikipita 35 hivi katika mia, nafasi katika mpango ule wa awali huanza kwisha, na mpango wa pili hujitokeza ndani ya fuwele, mgumu na mbishi. Shaba nyeupe ya kawaida imesimama pale pale mpakani. Zinki ni rahisi kuliko shaba, kwa hiyo watengenezaji wameisukuma mpaka mahali ambapo hatua chache mbele aloi ingeanza kuvunjika mikononi mwa mfuaji.

Kuna na kiungo cha tatu ambacho wakerezaji wanakipenda: risasi, yaani yale madini laini mazito, asilimia mbili au tatu tu. Haichanganyiki na shaba. Hubaki ndani yake kama vitone vidogo vilivyotawanyika. Kisu cha mashine ya kukereza kikipita, chenga hukatika fupi fupi na kuanguka, badala ya kujisokota kama maranda ya mbao laini na kuziba kila kitu. Ufunguo wa kufuli, uzi wa koki na mdomo wa vali ya gesi hutoka safi namna ile kwa ajili ya vitone hivyo.

Kuichanganya zinki na shaba ni kazi yenye hila, na hapa ndipo habari yake inaponoga. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085 za Selsiasi. Zinki huyeyuka kwenye 420, na kufika 907 imeshachemka na kuwa mvuke. Kwa hiyo msubu shaba anayetumbukiza zinki ndani ya chungu cha shaba iliyoyeyuka anaitumbukiza mahali penye moto kuliko uwezo wake wa kubaki kimiminika. Sehemu yake huruka. Huonekana ikiruka: moshi mweupe mzito, unaoganda hewani kuwa nyuzinyuzi nyepesi kama sufi na kutua juu ya kofia na mabega. Anayeuvuta mwingi hurudi nyumbani na ladha ya sukari ya ajabu mdomoni, na usiku hutetemeka kwa homa na baridi, halafu baada ya siku moja au mbili hupona. Wasubu wa Uingereza wa zamani waliuita ugonjwa huo kwa jina lile lile walilotumia kwa homa za vipindi kama malaria. Fundi mwenye busara huweka zinki kidogo zaidi ya inayohitajika, hufunika chungu, husimama upande unaotoka upepo, na humimina haraka.

Tabia hiyo ya kuruka ndiyo iliyoificha zinki kwa karne nyingi. Ili kuitoa katika mawe yake kunahitajika makaa na joto lililopita kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo inapozaliwa tayari ni mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa hugeuka unga mweupe papo hapo. Watu walitengeneza shaba nyeupe bila kuiona zinki hata siku moja. Warumi walipanga ndani ya chungu vipande vya shaba, makaa, na jiwe la zinki lililosagwa. Wakafunika, wakachochea moto. Mvuke uliotoka kwenye jiwe ulipenya shaba kabla haijayeyuka, taratibu, na chungu kikifunguliwa kilikuwa na chuma cha rangi ya dhahabu. Kwa njia hiyo zinki haikuweza kuzidi 28 katika mia hivi. Kwa macho ya waliofanya kazi ile, lile jiwe lilikuwa rangi tu, na shaba ilikuwa imepakwa.

Walioikamata kwa wingi walikuwa wachenjuaji wa Zawar, karibu na Udaipur, katika Rajasthan ya India. Walifinyanga vyungu vya udongo vyenye umbo la biringanya, wakavijaza mawe na makaa, wakavipanga 36 katika tanuri moja, midomo ikielekea chini. Moto ulikuwa juu, chini kulikuwa na vyombo vya baridi. Mvuke haukupata pa kwenda isipokuwa chini, ukatona kidogo kidogo ndani ya vyombo hivyo kama maziwa yanavyotona kwenye kibuyu. Malundo ya vyungu vilivyotumika bado yako Zawar mpaka leo, na kuna kuta zilizojengwa kwa vyungu hivyo. Ulaya ilichelewa. William Champion wa Bristol alipata hataza ya kutengeneza zinki kwa njia ya mvuke mwaka 1738, baada ya muda mrefu wa kuinunua kutoka Asia.

Na kuna mahali ambapo ardhi yenyewe iliwaweka wawili hawa shimo moja. Kipushi, kusini mwa Kongo, mpakani na Zambia, mgodi uliofunguliwa miaka ya 1920 umetoa shaba na zinki kutoka mwamba mmoja. Ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena uzalishaji mwaka 2024, safari hii ukitafutwa zaidi kwa zinki. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba kwa zaidi ya miaka 25, tangu 1971 hadi 1997, kabla haujarudishiwa jina la Katanga. Hapo napo zinki haikutajwa.

Afrika imeijua shaba nyeupe kama mali kabla ya kuijua kama koki. Bangili za shaba zilizoletwa na Wareno zilinunua watu kwenye pwani ya magharibi, na katika kasri la Benin, Nigeria ya leo, wasubu waliziyeyusha na kusubu vichwa na mabamba yaliyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Dunia iliyaita mabamba hayo bronzi, yaani shaba na bati, ingawa mengi yake ni shaba na zinki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima risasi iliyomo ndani ya bangili za aina hiyo zilizookolewa kwenye meli zilizozama, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chuma hicho ilitoka eneo la mto Rhine, Ujerumani.

Huku mashariki mali hiyo ilisafiri kwa umbo la waya. Masango, ndivyo ulivyoitwa ule waya mnene uliokunjwa mizingo mizingo na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na ng'ambo yake. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alinunua frasila 10 za masango, karibu kilo 160. Alieleza mpangilio wa thamani kwa lugha ya sarafu: shanga zilikuwa kama shaba nyekundu, nguo kama fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, ulihesabiwa kama dhahabu. Waya huo ulisokotwa ukawa kitindi, bangili ndefu ya kuzunguka mkono. Miongoni mwa Wamaasai na Wakikuyu ulivaliwa miguuni na mikononi kwa mizunguko mingi, uzito wa miaka na miaka usiovuliwa ovyo. Kwenye Mto Kongo fimbo fupi za shaba nyeupe, mitako, zilikuwa pesa kamili. Watu walilipwa mishahara kwa mitako. Mtu aliyevaa masango alikuwa amevaa benki yake, na mafuta ya mwili wake ndiyo yaliyoing'arisha.

Katika makumbusho ya Lamu, kwenye ufukwe wa mji, kuna siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima. Ya Pate ni ya pembe za ndovu. Ya Lamu ni ya shaba. Siwa hupulizwa ubavuni, na katika siku zake haikupulizwa kwa ajili ya kila mtu: ilikuwa sauti ya ukoo wenye mji, ya arusi na sherehe zao, na anayeitaka aliiomba. Pembe za ndovu zilikuwa za hapa hapa. Shaba ilibidi ivuke bahari. Kwamba mji uliamua sauti yake ya heshima kuu itoke katika chuma hicho ni jambo linalostahili kufikiriwa mbele ya kioo cha makumbusho, polepole, kabla ya kusogea kwenye chumba kinachofuata.

Hadithi nyingine ya shaba nyeupe imo ndani ya neno ambalo Watanzania hulitamka mara kadhaa kwa siku. Hela ni heller, sarafu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo 100 zake zilifanya rupia moja. Vita vilipozuka mwaka 1914 na manowari za Uingereza zikaifunga pwani, sarafu mpya zilikoma kuja kutoka Ujerumani. Askari na wapagazi walipaswa kulipwa, na karatasi pekee hazikutosha. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, mafundi walianza kugonga hela wenyewe. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitoa sarafu za rupia 15. Za watu wa kawaida, za heller 5 na 20, zilitoka katika shaba iliyopatikana, nayo hasa ilikuwa maganda ya risasi na ya mizinga.

Ukiiweka kiganjani moja ya hizo za heller 20, inasema mengi. Ni njano iliyozeeka. Taji, herufi D.O.A. za jina la Kijerumani la koloni, mwaka 1916, na chini yake T ya Tabora. Upande wa pili, thamani yake katikati ya matawi. Nyingine ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, nyingine chapa imekaa kombo, kwa kuwa mashine za kutengenezea mabehewa hazikuzaliwa kugonga pesa. Zilikuwa ganda mwezi huu, hela mwezi ujao. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na ugongaji wa sarafu ukakoma. Wakusanyaji wa sarafu za kale sasa huzinunua kwa bei ambayo mpagazi aliyelipwa nazo asingeiamini.

Maganda yale yalifaa kwa sababu shaba nyeupe ilikuwa ndiyo ngozi ya risasi, na bado ndiyo. Ganda hufyatuliwa ndani ya bunduki: kwa sehemu ndogo mno ya sekunde hutanuka na kuziba mwanya wote ili moto usirudi nyuma, halafu hunywea kidogo na kutoka bila kung'ang'ania. Chuma cha kawaida hakifanyi hivyo kwa hiari. Ila ganda lina adui wake. Jeshi la Uingereza nchini India lilihifadhi risasi zake katika mazizi ya farasi wakati wa masika. Mvua zilipokwisha, maganda yalikutwa yamepasuka yenyewe, bila kuguswa. Sababu ilifafanuliwa vizuri mwaka 1921: amonia inayotoka kwenye mikojo ya farasi, ikikutana na unyevu, hupenya mahali ambapo shaba nyeupe bado ina mkazo wa kufuliwa ndani yake, na kuitia ufa. Dawa ikawa ni kulipasha ganda joto la wastani baada ya kulivuta, ili mkazo ule ulegee. Shaba tupu ingevumilia zizi vizuri zaidi. Aloi yenye zinki nyingi ndiyo inayoumia.

Nyumbani mambo ni ya amani zaidi. Mdila wa kahawa umekaa juu ya makaa kwenye baraza la Unguja, tumbo limevimba, mdomo umechongoka kama wa ndege, na mpini wake umeng'aa sehemu moja tu, pale kiganja kinapoushika. Milango ya Mji Mkongwe ina misumari yake ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka. Sinia kubwa la arusi hutundikwa ukutani na kushushwa kwa wageni. Upatu, ile sahani ya shaba inayopigwa ngomani, umekuwa pia jina la mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha kwa zamu, na wengi wanaocheza upatu leo hawajawahi kuusikia ule unaopigwa. Kwa wavuvi wa dagaa wa Kigoma na Mwanza kulikuwa na karabai, tangi lake la shaba nyeupe likishindiliwa hewa kwa pampu mpaka taa ivume. Shaba ilifaa kwa kuwa haishiki kutu na ilivumilia presha usiku kucha.

Anayesafisha sinia la shaba kwa ukwaju anafanya kemia bila kuiita hivyo. Hulowesha ukwaju, huuminya kwa vidole, huupaka juu ya weusi uliotanda, huongeza majivu kidogo au mchanga laini, kisha huzungusha kiganja pole pole kutoka katikati kwenda ukingoni. Asidi ya ukwaju huyeyusha ile tabaka iliyoungana na hewa; majivu huisugua. Mstari wa njano hufunguka chini ya vidole kama jua linavyofunguka kwenye wingu. Maji yanayodondoka huwa ya kijani kibichi kidogo, na hiyo ni shaba yenyewe inayoondoka, kidogo sana. Asidi hiyo hiyo ndiyo sababu chombo cha shaba cha kupikia hutiwa bati ndani: mchuzi wa nyanya au wa ndimu ukikaa kwenye shaba tupu huila, na mlaji hutapika. Safari hii bati ni bati kweli.

Mikono ya msafishaji itanuka. Harufu ile watu huiita harufu ya shaba, na huijua kila aliyekamata funguo kwa muda mrefu au kushika chuma cha daladala. Shaba haina harufu. Watafiti walionyesha mwaka 2006 kwamba harufu hiyo ya vyuma huzaliwa pale mafuta ya ngozi yanapovunjwavunjwa kwa kugusana na chuma chenye jasho. Mtu hunusa ngozi yake mwenyewe.

Katika koki za maji ndipo zinki huonekana ikiondoka kwa uzuri zaidi, au kwa ubaya, kutegemea nani analipa bili. Maji laini yenye klorini, au maji ya chumvichumvi kama ya visima vingi vya pwani, huichomoa zinki kutoka ndani ya shaba nyeupe atomu kwa atomu. Umbo hubaki vile vile. Koki inaonekana nzima, uzi wake upo, herufi za kiwanda zinasomeka. Lakini rangi imegeuka waridi pale ilipoliwa, na kilichobaki ni shaba nyekundu yenye vinyweleo kama sifongo. Fundi bomba hukaza kwa spana, robo mzunguko tu, na koki hukatika mkononi mwake kama biskuti. Ndani ya mkatiko kuna ile rangi ya waridi. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwa nguvu zake, na si haki. Viwanda vimejifunza kutia aseniki kidogo mno, sehemu ndogo ya asilimia moja, nayo huizuia zinki isitoke; koki za namna hiyo hugharimu zaidi, na mahali penye maji ya chumvi thamani yake inaonekana.

Ile risasi iliyomfurahisha mkerezaji nayo huvuja, hasa maji yakilala usiku kucha ndani ya koki. Marekani tangu Januari 2014 hairuhusu vifaa vya maji ya kunywa kuwa na risasi zaidi ya robo ya asilimia moja kwa wastani sehemu zinazoguswa na maji. Kuacha maji ya kwanza ya asubuhi yatiririke kwenye ndoo ya kufulia kabla ya kujaza ya kunywa hakugharimu kitu, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga ni jambo la kufanywa kila siku.

Wengine hawangoji koki iliwe na maji. Mita za maji zenye mwili wa shaba nyeupe hung'olewa usiku na kuuzwa kwa kilo, mtaa ukaamka umekauka. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha biashara yote ya vyuma chakavu mwezi Januari 2022, baada ya nguzo za umeme na miundombinu mingine kuhujumiwa, na ikaifungua tena Mei mwaka huo kwa masharti mapya. Mita mpya nyingi sasa ni za plastiki. Ni suluhisho la kueleweka, ingawa plastiki ikichoka hutupwa, wakati shaba nyeupe ikichoka huyeyushwa na kuzaliwa upya. Kufuli la leo laweza kuwa na ndani yake koki, ganda la risasi na bawaba ya mlango wa shule.

Matarumbeta nayo ni shaba nyeupe, ile ya 70 kwa 30. Yalifika pwani na jeshi na misheni, na kufikia miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wameyafanya yao: beni, ngoma iliyoazima jina na mavazi ya bendi ya kijeshi, ikaenea bara pamoja na askari na makarani kwa majina ya Marini na Arinoti. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Leo Dar es Salaam mrithi wake hupanda nyuma ya pikapu. Jumamosi mchana, gari la maarusi nyuma, kamera mbele, na katikati vijana sita wenye matarumbeta ambayo hayajawahi kuona ndani ya sanduku lenye mahameli, yamekunjika kunjika, yamelehemiwa hapa na pale, sauti yake ikipenya msongamano wa Barabara ya Mandela kuliko honi za malori.

Tarumbeta hufa kuanzia mdomoni. Pumzi ya mpigaji ni ya moto na ya maji, mate yana chumvi na asidi, na hayo yote hupita kwanza katika mrija ule mwembamba wa kupulizia. Huko ndani, mahali pasipofika kitambaa, zinki huanza kuondoka. Kwa nje hutokea doa dogo la waridi lenye duara jeusi, kama kovu la ndui. Kisha la pili. Siku moja kidole kikibonyeza huingia. Watengenezaji wa matarumbeta ya bei kubwa huweka mrija huo wa shaba yenye zinki 15 tu au chini ya hapo, maana zinki ikiwa chache kiasi hicho haitoki kirahisi. Wapigaji wa pikapu hununua mitumba, na dawa yao ni kuyamwaga maji kila mara.

Wimbo ukiisha kwenye taa nyekundu, mpigaji hugeuza tarumbeta upande, hubonyeza kijifunguo kilicho chini ya mkunjo na kupuliza bila sauti. Matone manne matano huanguka juu ya lami ya moto. Hulifuta doa la waridi kwa kidole gumba, hulitazama, hulamba midomo. Taa inageuka kijani, pikapu inaruka mbele, na anaanza tena kabla hajasimama sawasawa.